Bastola kiunoni, hodi mlangoni

Nilijua shati langu ni fupi siku ile nilipoinua mkono kuchukua kopo la maziwa ya unga kwenye rafu ya juu. Ilikuwa Septemba 2019, jioni, katika supamaketi moja hapa Houston. Nyuma yangu nikasikia troli inasimama ghafla, magurudumu yakakwaruza sakafu, kisha kimya. Nilipogeuka nikamwona bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, anaitazama nyonga yangu ya kulia. Usoni hakunitazama hata mara moja. Akaiacha troli yake pale pale, na mkate na ndizi zake ndani, akaondoka kwa kujibanza upande wa pili wa rafu, vile mtu anavyompita mbwa asiyemjua.

Nilishusha shati, lakini maji yalikwisha kumwagika. Dakika tatu hazikupita, akaja meneja na kijana wa ulinzi. Meneja alikuwa mtu wa heshima. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mteja kaona silaha, akaniomba nitoke nayo nje. Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu ya mpini wa troli, na niliiacha hapo hapo, vidole wazi. Nikamjibu, "Sawa bwana, natoka sasa hivi. Nitapita mlango ule, na mikono yangu utaiona muda wote." Nikatoka. Maziwa ya mtoto nikayanunua duka jingine, baada ya kukaa ndani ya gari robo saa nikingoja magoti yaache kutetemeka.

Kisheria, siku ile sikuwa na kosa. Nilikuwa na leseni ya kubeba bastola ya jimbo la Texas. Mlangoni hapakuwa na bango la kukataza. Na tangu Januari 1, 2016, mwenye leseni hapa anaruhusiwa hata kubeba bastola inayoonekana, mradi iwe ndani ya ala yake. Kwa hiyo shati kupanda si uhalifu. Ila neno la meneja lilibadilisha kila kitu. Ukishaambiwa kwa mdomo na mwenye mamlaka ya duka kwamba silaha yako haitakiwi, ukang'ang'ania kubaki, hapo umeingia kosa la daraja A, ambalo Texas adhabu yake ni hadi mwaka mmoja jela na faini ya hadi dola 4,000. Nimesikia wenzangu wakisema wao wangemwonyesha meneja leseni na kumsomesha sheria. Meneja haulizi kama una leseni. Anakuambia nyumba ni yake.

Kuhusu mikono, sina budi kusema wazi. Mimi ni mtu mweusi. John Crawford alikuwa na miaka 22 alipouawa na polisi Agosti 5, 2014, ndani ya duka la Walmart kule Beavercreek, Ohio. Alichoshika ni bunduki ya upepo aliyoiokota kwenye rafu ya duka lile lile, bidhaa ya kuuzwa, huku akizungumza na simu. Mteja mmoja alipiga 911, namba ya dharura, akasema kuna mtu ana bunduki. Polisi wanaofika baada ya simu ya namna hiyo wanakuja na picha waliyopewa na mpigaji, na mpigaji ni mtu mwenye hofu. Philando Castile naye, Julai 6, 2016, kule Minnesota, alikuwa na leseni halali kama yangu. Alimwambia askari kwa adabu kwamba anayo silaha, na akapigwa risasi akiwa amekaa kwenye gari, mchumba wake pembeni na mtoto kiti cha nyuma. Mahakama ilimwachia askari yule mwaka uliofuata. Ndiyo maana siku ile akili yangu haikuwa kwenye haki zangu. Ilikuwa kwenye swali moja tu: yule bibi ameshapiga simu, au bado?

Na simlaumu. El Paso ilikuwa imetokea mwezi mmoja tu kabla yake. Agosti 3, 2019, mtu mwenye chuki dhidi ya Walatino aliingia na bunduki katika Walmart ya mji ule, jimbo hili hili letu, akaua watu waliokwenda kununua vitu vya watoto kufungulia shule. Waliokufa walifika 23. Siku tano baadaye, Springfield, Missouri, kijana mmoja akaingia Walmart amevaa fulana ya kuzuia risasi, ana bunduki, anajirekodi kwa simu, eti anataka kuona kama haki yake ya kubeba silaha itaheshimiwa. Watu wakakimbia, king'ora cha moto kikapigwa. Ule ni utovu wa adabu ambao sijui niuite nini. Septemba 3 kampuni ya Walmart ikawaomba wateja wasiingie na silaha zinazoonekana, hata pale sheria ya jimbo inaporuhusu, na maduka mengine makubwa, kama Kroger, Walgreens na CVS, yakatoa ombi kama hilo siku hizo hizo. Bastola iliyofichwa na mwenye leseni hawakuigusa. Maana yake, kama kweli nimeificha, hakuna aliyenikataza. Tatizo ni kwamba mimi sikuwa nimeificha. Nilikuwa nimeifunika tu, na kufunika na kuficha ni vitu viwili.

Nieleze kidogo jinsi nilivyofika hapo. Nilikuwa nafanya kazi usiku katika kituo cha mafuta. Usiku mmoja, nikiwa nafunga, walikuja vijana wawili, mmoja akanibandika mtutu shingoni. Walichukua pesa za droo na simu yangu. Sikuumizwa, lakini kwa miezi mingi nilikuwa nikisikia mlango wa gari unafungwa nyuma yangu, mwili wote unakufa ganzi. Mwaka 2018 nikanunua bastola, nikasoma darasa, nikaomba leseni. Mwalimu wetu alikuwa askari mstaafu, mzee mpole. Jaribio la shabaha ni risasi 50, kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15, alama 250 kwa jumla na unafaulu ukipata 175. Nilipata 231, nikajiona hodari. Mzee akaniambia, "Kulenga karatasi ndiyo sehemu nyepesi. Subiri uende nayo sokoni." Sikumwelewa.

Tangu Septemba 1, 2021, Texas haikulazimishi tena kuwa na leseni ukiwa na miaka 21 na huna zuio la kisheria. Watu wengi, wakiwemo ndugu zetu kutoka Afrika Mashariki na Kongo, wamelichukua hilo kama ruhusa ya kujifungia bastola kiunoni na kwenda. Mimi leseni yangu nimeihuisha, na nitaendelea kuihuisha, kwa sababu inamtofautisha mwenye nayo katika mambo mengi ya vitendo: mabango yanayomhusu, majimbo yanayomkubali, na kupita karibu na shule, ambako sheria ya taifa inamwondoa kwenye katazo la silaha ndani ya futi 1,000 mtu mwenye leseni ya jimbo lile.

Lakini kwa wale ambao bado si raia, kuna jambo kubwa zaidi ya hayo yote, na nashangaa darasani huwa halitajwi. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kumiliki silaha. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, na asiye na karatasi haruhusiwi kabisa. Hayo ni makosa ya sheria ya taifa na kifungo chake ni cha miaka. Sasa huyo wa grini kadi anayeruhusiwa: sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kununua, kumiliki, kutumia au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote, anaweza kufukuzwa nchini. Haijalishi amekaa miaka mingapi. Kosa ambalo jirani yako mzaliwa wa hapa analilipia faini na kulisahau, wewe linaweza kukupandisha ndege na kuwaacha watoto wako wakienda shule bila baba. Nilipokuwa na grini kadi nilikuwa nasimama mlangoni mwa duka nikisoma vioo kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Leo ni raia, na mazoea hayo hayajaniacha, namshukuru Mungu.

Hayo mabango yenyewe yanataka macho. Lile linalomhusu mwenye leseni aliyeficha bastola linaitwa na kila mtu hapa "thelathini sifuri sita", yaani kifungu cha 30.06 cha kanuni ya adhabu. Lina maneno mengi, kwa Kiingereza na Kihispania, na sheria inataka herufi ziwe na urefu wa inchi moja angalau, rangi itofautiane na lilipobandikwa, na mahali pawe wazi kwa umma. Ndugu yake ni 30.07, la bastola inayoonekana. Mwaka 2021 likaongezeka la 30.05, linalowalenga wanaobeba bila leseni. Ukilipuuza 30.06 ukaingia, ni kosa la daraja C, faini isiyozidi dola 200. Ukiambiwa ana kwa ana ukakataa kutoka, ndiyo lile la daraja A nililolitaja. Pia kuna duara lenye picha ya bastola iliyokatwa mstari mwekundu. Kwa mwenye leseni wa Texas, picha peke yake haitimizi masharti ya 30.06.

Mara moja nililikosa bango zima. Duka lilikuwa na milango ya vioo inayojifungua yenyewe, na bango limebandikwa kwenye mlango wenyewe. Watu walikuwa wanatoka mfululizo, milango iko wazi muda wote, bango limejificha nyuma ya kioo kingine. Nikaingia, nikazunguka, nikanunua balbu na gundi. Wakati wa kutoka hapakuwa na mtu mbele yangu. Milango ikawa imefungwa, na lile bango likanitazama kinyumenyume, herufi zimegeuka. Nilisimama pale na mfuko wangu wa balbu kama mwizi. Siku hizi nikifika mahali kwa mara ya kwanza naacha milango ifunge, nasoma, ndipo naingia. Inachukua nusu dakika.

Sasa kuhusu ile picha ya duara, hapa mimi na marafiki zangu wa uwanja wa shabaha tunatofautiana. Wao wanasema picha si bango la kisheria, pita. Mimi sipiti. Nimelelewa nikijua kwamba mlangoni kwa mtu unapiga hodi, na usipoitikiwa mara ya tatu unarudi ulikotoka bila kununa. Hakuna aliyetufundisha kuchungulia dirishani kutafuta kama hodi yetu ilikataliwa kwa herufi zenye urefu unaotakiwa. Mwenye duka akibandika ile picha ameniambia jambo analotaka, na nimelielewa vizuri kabisa. Nikisema sikulielewa, nitakuwa nasema uongo.

Lingine la kuchunga ni bango jekundu la 51%. Linawekwa mahali ambapo asilimia 51 ya mapato au zaidi inatoka kwenye pombe inayonywewa pale pale. Hapo hata leseni haikuokoi, na kosa lake ni zito, si faini ya kulipa na kwenda zako. Wengi linawanasa kwa sababu sehemu ina sura ya mgahawa, watoto wapo, sahani za kuku zinapita. Soma mlango. Na sehemu yoyote ile, nikiwa na bastola sigusi bia hata moja. Mwenye kubeba bastola akilewa hadharani anavunja sheria ya Texas.

Chooni ndiko nilikojifunza kwa aibu kubwa zaidi. Duka la nguo, nimeingia msalani, nikaichomoa bastola na kuiweka juu ya kile kisanduku cha karatasi ili isianguke. Nikamaliza, nikanawa mikono, nikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye suruali za jinzi ndipo nikahisi wepesi upande wa kulia. Sijawahi kukimbia vile dukani, na sitakiwi kukimbia vile dukani. Mlango wa kile chumba ulikuwa umefungwa na mtu ndani. Nilisimama nje nikisikia maji yakishuka, nikisali. Akatoka mzee mmoja wa Kimeksiko, akanitazama muda mrefu, akanifungulia mlango kwa mkono, na yeye akasimama pale kuhakikisha hakuna mwingine anayeingia mpaka niichukue. Hakusema neno. Angeweza kuwa mtoto wa miaka saba. Texas ina sheria ya kumtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe wake ameiacha silaha mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia, lakini siku ile sheria ndiyo ilikuwa jambo dogo.

Tangu hapo bastola haitoki ndani ya ala mpaka nifike nyumbani. Chooni inabaki kwenye mkanda, mkanda nimeukaza juu ya magoti, ala imeelekea ndani ya suruali ili wa chumba cha jirani asiione chini ya ukuta. Chumba cha kujaribia nguo siingii nayo kabisa. Nguo nanunua kwa kukadiria, isiponikaa narudisha. Kuchutama nachutama kwa magoti, mgongo wima, badala ya kuinama kiunoni, kwa sababu ukiinama mpini unachora shati kama ngumi. Cha rafu ya juu nakichukua kwa mkono wa kushoto. Na sipapasi. Wageni wote wa jambo hili wana ugonjwa wa kupapasa: kila baada ya dakika mbili kiwiko kinagusa kuona kama ipo. Ipo. Anayekutazama ameshajua.

Mke wangu alipotaka naye kubeba, alipendekeza mkoba. Ni wazo la wanawake wengi, na wapo wanaotengeneza mikoba yenye mfuko maalumu wa bastola. Nilimsimulia habari ya Hayden, Idaho. Desemba 30, 2014, mama kijana wa miaka 29, mwenye leseni, alikuwa Walmart na watoto, mwanawe wa miaka miwili kakaa kwenye troli. Mkoba ulikuwa karibu na mtoto, na bastola ilikuwa ndani ya mfuko wake maalumu, wenye zipu. Mtoto akaifikia, ikalia, mama akafa pale pale. Mke wangu alinyamaza, akamtazama mdogo wetu aliyekuwa akichezea funguo zangu sakafuni. Siku ile ile tukakubaliana: wakati watoto wanakaa kwenye troli, hakuna silaha mahali popote isipokuwa mwilini mwa mtu mzima, ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Hatimaye yeye mwenyewe aliamua kutobeba. Sikumshawishi upande wowote.

Watu huniuliza kama bastola imenipa ujasiri. Nitajibu kwa ukweli: imeninyang'anya ugomvi. Kuna siku kwenye maegesho ya duka jamaa aliniingilia nafasi niliyokuwa naingojea na taa ya pembeni inawaka, akashuka akanitukana mimi na nchi niliyotoka. Zamani ningemjibu. Nilifunga kioo, nikaenda kuegesha mwisho kabisa, nikatembea juani. Nilikuwa nafikiria Clearwater, Florida, Julai 19, 2018. Mtu mwenye leseni ya kubeba bastola alianza kumkaripia mwanamke nje ya duka dogo kwa kuegesha sehemu ya walemavu. Mwenzi wa yule mwanamke, Markeis McGlockton, akatoka dukani alikokuwa na mtoto wake, akamsukuma yule mtu akaanguka. Aliyeanguka akachomoa bastola akampiga risasi kifuani mbele ya familia yake, akafa. Kwanza mkuu wa polisi wa pale hakumkamata, akitaja sheria ya kujilinda ya Florida. Baadaye alishtakiwa, akatiwa hatiani Agosti 2019, akahukumiwa miaka 20. Chanzo ni mistari ya rangi kwenye lami. Mtu mwenye bastola akianzisha ugomvi, hata wa maneno, ameanzisha ugomvi wenye bastola ndani yake. Kwa hiyo siku ninapoibeba mimi ndiye naomba radhi kwanza. Napisha kwenye foleni, napisha mlangoni, keshia akinipunjia chenji namwambia taratibu, na akikasirika naiacha.

Wizi wa madukani nao si kazi yangu. Nimeshuhudia kijana akipita mbio karibu yangu na mifuko miwili ya vipodozi, mlinzi anapiga kelele nyuma yake, na mteja mmoja akanitazama kama vile anangoja nifanye kitu. Sijui alijuaje. Nilijibanza ukutani nikampisha kijana. Vipodozi vina bima. Roho ya yule kijana haina.

Na kama ni El Paso nyingine ikitokea nikiwa ndani? Nimelifikiria hili usiku mwingi. Julai 17, 2022, kijana wa miaka 22, Elisjsha Dicken, alimmaliza mshambuliaji kwenye mall ya Greenwood, Indiana, akaokoa watu wengi. Hilo ni kweli na namheshimu. Lakini kweli pia ni Arvada, Colorado, Juni 21, 2021, ambako Johnny Hurley alimpiga mshambuliaji, kisha askari aliyefika akamwona yeye na silaha mkononi, akamuua. Na kweli pia ni Hoover, Alabama, usiku wa Novemba 22, 2018: Emantic Bradford, kijana mweusi, alikuwa na bastola yake mkononi baada ya risasi kulia kwenye mall, askari akamdhania ndiye mpigaji, akampiga kwa nyuma. Hakuwa yeye. Mpango wangu basi ni mfupi: nawashika watoto na mama yao, natafuta mlango wa stoo, tunatoka. Bastola ni ya yule atakayesimama kati yetu na mlango. Na ikibidi nikaitoa, hatari ikiisha inarudi kwenye ala kabla polisi hawajafika, mikono juu, tupu.

Nje ya Texas mambo yanabadilika kama lugha inavyobadilika ukivuka mpaka. Mwaka 2023 tulialikwa harusi Chicago, jimbo la Illinois. Illinois ilikuwa ya mwisho kuruhusu ubebaji wa kificho, mwaka 2013, na leseni ya Texas haiitambui kwa mtu anayetembea nayo mitaani. Bango lake ni dogo, inchi nne kwa sita, picha tupu bila maneno mengi, na pale hiyo picha ndiyo sheria. Rafiki yangu mmoja aliniambia nitaihitaji zaidi Chicago kuliko Houston. Niliiacha nyumbani ndani ya sefu, nikacheza harusini mpaka alfajiri na shati limechomekewa vizuri.

Nimebakiza la mama wa Kikongo.

Ana duka la vyakula vya kwetu, upande wa kusini-magharibi wa mji, tunakonunua unga wa muhogo, mawese na dagaa. Alitoka Kivu, akapita kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Texas, kwa hiyo Kiswahili chetu kinakutana katikati. Jumamosi moja nilimkuta amesimama nje ya kaunta. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akacheka, akafungua mikono, akanikumbatia kama anavyowakumbatia watu wote. Mkono wake wa kushoto ukatua kwenye mpini.

Aliuondoa kama aliyegusa sufuria ya moto. Akarudi hatua moja. Uso wake ukazeeka mbele yangu. Sina namna nyingine ya kulisema. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mtoto wangu, hata huku?"

Mlangoni kwake hapakuwa na bango. Hajui habari za 30.06, na sidhani angependa kuandika maneno hayo kwenye kioo chake kilichojaa picha za kwaya na matangazo ya misiba. Nilianza kueleza habari za kituo cha mafuta, vijana wawili, mtutu shingoni. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya wakubwa. Kisha akasema, "Pole sana. Pole." Akapima dagaa wangu, akaongeza kiganja kimoja juu ya mizani kama kawaida yake, akafunga mfuko. Lakini alinipa ule mfuko kwa kuunyoosha mkono wote, kaunta iko kati yetu.

Jumamosi zote tangu hapo naiacha nyumbani kwenye sefu, siyo kwenye gari. Sikumwambia. Wiki mbili za kwanza alinisalimia kwa mbali. Ya tatu alitoka nyuma ya kaunta, akanikumbatia, na nikausikia mkono wake ukishuka polepole kwenye kiuno changu, upande wa kulia, ukatafuta, ukakuta mkanda tu. Akanipigapiga mgongoni mara mbili, akaniuliza watoto hawajambo.

Mpaka leo anafanya hivyo kila nikienda. Nasimama wima, nanyanyua viwiko kidogo, namwacha atafute.